UZI: Hidaya kilikuwa kimbunga kweli, au tulitishiwa nyau?

#1 Mbagala Rangi Tatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila masika yakikolea lazima atokee mtu wa kunikumbusha Hidaya. Juzi kijiweni kwenye kahawa jamaa kaapa kabisa kwamba Mei 2024 Tanzania ilipigwa na kimbunga kikali kuliko vyote vilivyowahi kutokea. Nikacheka mpaka kashata ikanipalia.

Mimi nilikuwepo Dar. Ijumaa ile ya tarehe 3 Mei kazini tuliachiwa mapema, boti za Unguja zikasimamishwa, mama watoto kanunua mishumaa na mikate kama tunaingia vitani. Watoto tukawalaza chumba cha ndani kisicho na dirisha la barabarani. Jumamosi tunaamka: mvua ya kawaida, upepo wa kulaza mabango, umeme hakuna. Basi. Jioni watu wako barazani wanatafuna mihogo ya kukaanga. Usiku TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, wanatangaza kimbunga kimeshatua Mafia na nguvu zimekiishia.

Mwaka 2021 ilikuwa Jobo, hadithi ile ile, kikafika pwani kimechoka hoi. Mwaka 2019 Kenneth, tukaambiwa Mtwara inafutika, kikageukia Msumbiji.

Naomba kuuliza bila kumkosea mtu: Hidaya kilikuwa kimbunga, au ni masika yaliyopewa jina? Waliokuwa Mafia na Kilwa waje na walichokiona kwa macho. Hisia wekeni pembeni.

#2 Chinga Mstaarabu

Nakazia. Kilichotupiga Dar siku ile ni giza. Upepo sikuuona.

#3 Mtu wa Kilindoni

Mwanzisha uzi, shukuru Mungu ulikuwa unatafuna mihogo.

Mimi ni wa Mafia, nimezaliwa hapa na Hidaya kilinikuta hapa. Tangu Ijumaa jioni bahari ilikuwa na mawimbi mazito yasiyolingana na upepo uliokuwepo. Wazee wakasema leo hakuna kulala na chombo majini. Tukakokota ngalawa na mashua juu kabisa, nyingine tukazifunga kwenye minazi.

Upepo ulianza kwa upande wa kusi. Kusi tunaijua, kila mwaka inatupiga kuanzia Aprili mpaka Septemba, ila kusi inavuma kwa mkono mmoja, inakuegemea, unaizoea. Huu ulikuja kwa mapigo. Unatulia kidogo, unadhani umekwisha, halafu pigo moja nyumba nzima inaguna. Bati la jikoni ndilo lililotangulia. Kona moja ililegea msumari, ikawa inapiga kofi kwenye boriti. Nikapanda juu ya meza na kamba ili nilifunge. Kamba mkononi, bati likaondoka mbele ya macho yangu. Likishaondoka moja, upepo unaingia kwa chini na kuinua upande wote. Sikuhesabu yalikwenda mangapi, nilikuwa nawavuta watoto waingie chini ya kitanda.

Kisha ukalegea. Mvua ikabaki. Watu wakaanza kutoka kuangalia, mama mmoja jirani akaenda kumfuata mbuzi wake. Haukupita muda mrefu upepo ukarudi, safari hii kutoka kaskazini. Minazi iliyokwisha kuinama kwa pigo la kwanza ndiyo ikamaliziwa na la pili. Mashua ya kaka yangu ilikuwa imefungwa vizuri kwa upepo wa kusi. Wa kaskazini ukaikuta ubavu wazi, ukaipindua juu ya kisiki. Mbao tatu za ubavuni zikapasuka, na mbao ya kuundia mashua siku hizi unaijua bei yake.

Sasa ukiniuliza kilomita ngapi kwa saa, sijui. Sina kipimo. Ila sijaona masika yanayovuma kusi, yakapumzika, halafu yakavuma kaskazini usiku huo huo.

#4 Mbagala Rangi Tatu

Pole sana ndugu yangu, nasema kwa dhati. Ila tuwe wakweli, bati lililopigiliwa misumari miwili miwili linaondoka hata kwa upepo wa kawaida. Mbagala kila mwaka mapaa yanaezuliwa na hakuna anayeita kimbunga.

#5 Mtu wa Kilindoni

Misumari miwili umeiona wapi? Ulinisaidia kuezeka?

#6 Dereva wa Kusini

Nyie mnabishana upepo. Mimi nawaletea maji.

Nilikuwa natoka Mtwara na lori la simenti naelekea Dar. Mvua ilinishika kabla ya Kilwa, na ile mvua haikuwa ya matone. Wipa inafanya kazi lakini kioo hakionyeshi. Nikaegesha Nangurukuru na madereva wengine, tukasubiri. Kulipokucha habari zikaja kwamba mbele Somanga hakuna njia, maji yamekata barabara, na si sehemu moja.

Nilikwenda kwa bodaboda mpaka pale ilipokatikia ili nishuhudie. Kalavati lenyewe lilikuwepo, limesimama katikati ya maji. Kilichoondoka ni tuta la udongo huku na huku, na lami ikabaki inaning'inia hewani kama ulimi wa ng'ombe. Upande wa pili mabasi ya kutoka Dar yamepanga foleni, upande wetu sisi. Katikati mto ambao siku zote ukipita hapo hujui hata kama kuna mto.

Tulikaa pale siku kadhaa. Maji ya chupa bei ikapanda, wali wa mama ntilie ukapungua sahani ukaongezeka bei. Kulikuwa na mgonjwa anapelekwa Muhimbili, ndugu zake wakambeba mgongoni kukatiza kwenye makorongo mpaka ng'ambo. Kumbukeni hii ndiyo barabara kuu ya Lindi na Mtwara kwenda Dar. Ikikatika hapo, dizeli, vifaranga, dawa, kila kitu kinasimama, labda uzunguke kwa Songea na Njombe, na huo ni msafara wa nchi nzima. Waziri wa Ujenzi, Bashungwa wakati ule, alipiga kambi huko na mitambo ikafanya kazi usiku na mchana, wakajaza mawe mpaka tukapita moja moja.

Kwa hiyo mkuu wa Mbagala, kama ni nyau, basi nyau huyu alikula barabara.

#7 Chinga Mstaarabu

😂😂 Nyau alikula barabara. Nafuta kauli yangu ya #2, nitulie nisome.

#8 Mpimamvua

Nimekuwa msomaji kimya hapa muda mrefu, leo nimeshindwa. Nimefanya kazi za hali ya hewa, sasa nimestaafu. Nieleze taratibu, maana wote mnasema kweli na ndiyo maana hamuelewani.

Kwanza madaraja. Bahari yetu ya Hindi ya kusini magharibi inafuatiliwa na kituo cha Ufaransa kilichopo Réunion. Mfumo ukifikisha upepo wa kilomita 63 kwa saa unapewa jina, unaitwa dhoruba ya wastani. Ukifika 89 ni dhoruba kali. Ukifika 118 ndipo unaitwa kimbunga. Kuanzia 166 ni kimbunga kikali, na ukipita 212 ni kikali mno. Upepo huo ni wastani wa dakika 10. Wamarekani wanapima wastani wa dakika 1, kwa hiyo namba yao siku zote ni kubwa zaidi kwa upepo ule ule. Nusu ya ugomvi wa mitandaoni unatoka hapo, mmoja kasoma ya Réunion, mwenzie kasoma ya Wamarekani.

Hidaya kilivuka ile 118 tarehe 3 Mei, kikiwa baharini mashariki yetu. Hakuna ubishi hapo. ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha nchi za IGAD kilichopo Nairobi, wakasema ndio mfumo wa kwanza kuwekwa kwenye kumbukumbu kufikia hadhi ya kimbunga kamili katika eneo hili. Kijiwe cha Mbagala kimeupata usemi huo na kuuongezea chumvi.

Halafu tarehe 4 kilipokaribia Mafia kikaanza kupungua. Kimbunga kinaishi kwa bahari yenye joto na hewa yenye unyevu. Kikivuta hewa kavu, au upepo wa juu ukaenda tofauti na wa chini, kinapasuliwa. Na nguvu ya upepo haipungui sawasawa na kasi. Kasi ikishuka nusu, msukumo kwenye ukuta unabaki robo. Kwa hiyo kilichokuwa kimbunga Ijumaa, Jumamosi hakikuwa kile kile. TMA walipotangaza kwanza hatari na baadaye kwamba kimeisha, matangazo yote mawili yalikuwa sahihi kwa saa yake.

Sasa kwa nini Dar kimya na Kilwa mafuriko? Huku kusini mwa ikweta vimbunga vinazunguka kufuata mshale wa saa. Chora duara kwenye karatasi, kitovu weka Mafia, mshale uende upande wa saa. Aliye kusini ya kitovu, yaani Kilwa, upepo wake unatoka baharini, ni matlai. Umebeba maji ya bahari, na mwendo wa kimbunga chenyewe kuelekea magharibi unauongezea kasi. Aliye kaskazini, yaani Dar, upepo wake unatoka bara kwenda baharini, ni umande, umekauka, na mwendo wa kimbunga unaupunguza. Mwanzisha uzi alikaa upande mzuri wa duara. Mtu wa Kilindoni alikaa katikati, ndiyo maana kapata kusi, utulivu, kisha kaskazini. Maelezo yake ya #3 ukimpa mwanafunzi wa hali ya hewa atakuchorea njia ya kimbunga bila kuona picha ya setilaiti.

Na mwisho, ardhi ilikuwa imeshiba. Mvua za El Niño zilianza tangu vuli ya 2023. Mwezi Aprili Waziri Mkuu Majaliwa aliliambia Bunge watu 155 wamekufa kwa mafuriko na maporomoko, na Rufiji ilikuwa tayari iko majini. Hidaya kilikuja kumwaga maji juu ya sponji iliyolowa. Hata kimbunga dhaifu kingekata Somanga.

#9 Mbagala Rangi Tatu

Mkuu Mpimamvua, heshima yako, hili ni darasa. Lakini umenipa ushindi bila kujua. Umesema mwenyewe kilitua kimeshapungua. Basi hakuna kimbunga kilichoipiga Tanzania 2024. Kimbunga kilikaa baharini, kilichofika ni mabaki. Kwa nini tuandike kwamba tulipigwa na kikali kuliko vyote?

#10 Mpimamvua

Sijasema kikali kuliko vyote, nimesema cha kwanza kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu zenyewe ni za setilaiti, na setilaiti za hali ya hewa zilianza miaka ya 1960. Kabla ya hapo tunategemea manahodha, wamisionari na mabalozi.

#11 Karafuu Mbichi

Hapo pa "cha kwanza" ndipo ninapoingia mimi. Mie Mpemba, na sisi Wapemba tunakula kwa kimbunga hadi leo, nyote hamjui.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Sayyid Barghash hata miaka miwili hajatimiza juu ya kiti. Mashamba ya mikarafuu na minazi ya Unguja yaling'oka sehemu kubwa mno, majahazi bandarini yakavunjwa vunjwa, meli za Sultani zikaenda. Ng'ambo Bagamoyo misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, ambayo ilikuwa na miaka minne tu, ikabomolewa. Pemba tukasalimika. Mkarafuu unataka miaka saba minane kuanza kuzaa vizuri, kwa hiyo Unguja wakati inapanda upya, karafuu ya dunia ikawa inatoka Pemba kwa bei ya kupendeza. Tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu na Unguja haijaturudia.

Barghash akaja kuagizia meli mpya Uskochi, akaiita Glasgow, kufidia zile zilizopotea. Ndiyo hiyo waliyoizamisha Waingereza Agosti 1896 katika vita vile vya dakika arubaini.

Sasa niambieni: kimbunga kinachofuta manowari za dola na kuhamisha zao la nchi kutoka kisiwa hiki kwenda kile, tukiweke wapi kwenye hiyo ngazi yenu ya 63 na 118? Tena Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, pahala ambapo vitabu vinasema vimbunga havifiki.

#12 Mpimamvua

Umenikosha. Hivyo ndivyo. Karibu sana na ikweta kimbunga hakipati msokoto wa kujizungusha, ndiyo maana ni nadra, na Madagaska nayo inatukinga kama ukuta. Vinavyotufikia ni vile vinavyopita kaskazini ya ncha yake. Kile cha 1872 hakuna anayeweza kukipa namba ya uhakika, lakini kwa uharibifu ule siwezi kukiweka chini ya Hidaya. Na kuna kingine, Lindi, Aprili 1952, kiliua watu 34. Kwa hiyo "cha kwanza" maana yake ni cha kwanza tangu tuwe na jicho la juu.

#13 Mtwara Kuchele

Mwanzisha uzi umetaja Kenneth kama kichekesho. Mimi nilikuwa Mtwara. Tarehe 25 Aprili 2019 shule zimefungwa, watu wa mabondeni wameambiwa wahame, mji umekuwa kimya kabisa. Ndiyo, kikapita kusini yetu. Kiliingia Cabo Delgado kaskazini ya Pemba ya Msumbiji, Ibo na Macomia zikalala chini. Kule walikufa zaidi ya watu 40, wiki sita tu baada ya Idai kuimaliza Beira. Sisi wa Mtwara tuna ndugu ng'ambo ya Ruvuma. Shangazi yangu aliolewa Mocímboa, tulikaa bila kumpata kwenye simu, kila ukipiga haiiti.

Kutoka kilipoingia mpaka kwetu ni mwendo wa kimbunga wa saa chache. Kingepinda kidogo tu kuja kaskazini, leo usingekuwa na ujasiri wa kuandika "tukaambiwa Mtwara inafutika". Kile kilikuwa cha daraja la juu, hakikufika kimechoka.

#14 Mbagala Rangi Tatu

Kenneth naomba radhi kwa waliofiwa. Nilikuwa naongelea upande wetu.

#15 Mtwara Kuchele

Upande wetu ni upi? Mmakonde yuko pande zote mbili.

#16 Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Sisi huku Hidaya tulipata mvua na wasiwasi, serikali ikafunga fuo. Lakini mwezi ule ule wa Mei ukaja mwingine, Ialy, ukapanda juu pwani pwani mpaka karibu na ikweta. Baharini mawimbi yalikuwa makubwa, wavuvi wa Old Town walishinda kutwa wanacheza bao. Swali kwa mzee Mpimamvua: kwa nini hivi vitu sasa vinakuja Mei? Zamani tukijua msimu ni Januari mpaka Aprili.

#17 Mpimamvua

Msimu rasmi unaishia tarehe 30 Aprili (Mauritius na Ushelisheli wao wanahesabu hadi 15 Mei), lakini vya mwezi Mei vilikuwepo tangu zamani, vichache. Mwaka ule bahari ilikuwa na joto kuliko kawaida. Kwa mwaka mmoja siwezi kukuambia msimu umehama, watafiti bado wanabishana. Joto la bahari linaongezeka, hilo halina ubishi, na kimbunga kikipata joto zaidi kinaweza kukomaa haraka. Mliona Chido, Desemba 2024, kilivyoifanya Mayotte. Mapaa ya mabanda ya Mamoudzou hayakubaki.

#18 Nahodha Mstaafu

Assalaam alaykum. Mmeongea upepo, mmeongea mvua, hakuna aliyeongea maji ya bahari.

Hidaya kilikuja mwezi 25 Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mwezi umeshazeeka, bahari ndiyo kwanza inatoka kwenye maji mafu. Maji hayajai sana wala hayapwi sana. Kimbunga kinasukuma bahari kuja pwani, hilo kila nahodha anajua, ila kilisukuma bahari iliyokuwa chini. Siku nne tano mbele ilikuwa inaingia bamvua la mwezi mwandamo, maji yanapojaa mno na kupwa mno. Kingechelewa hizo siku, kikatua saa ya maji kujaa, pale Kilindoni gatini na Jibondo na Kilwa Kisiwani tungekuwa tunaongea habari nyingine. Nyumba za ufukweni zingeondoka na msingi.

Mwenye uzi anapima kimbunga kwa alichokiona mlangoni kwake. Mimi nimevuka Nyamisati kwenda Mafia maisha yangu yote, kwa mashua na kwa boti za mashine. Nikisikia utabiri wa upepo namuuliza mtabiri swali moja: mwezi ngapi leo? Hawana jibu, wanasema upepo kilomita kadhaa. Hapo ndipo nawalaumu kidogo. Tangazo la kimbunga lisipotaja bamvua na maji mafu, mvuvi hajapata nusu ya habari.

#19 Mpimamvua

Nahodha, hoja hii ni nzito na naikubali bila mjadala. Upepo ule ule, bahari ikiwa juu mita moja au mbili zaidi, ni msiba mwingine kabisa.

#20 Dereva wa Kusini

Na mimi niongeze. Mkiandika ukali wa kimbunga andikeni na kalavati lilikuwa na upana gani. Pale Somanga maji yalikuwa na pa kupita padogo, yakajitafutia. Upepo haukuhusika.

#21 Mbagala Rangi Tatu

Haya, nimesoma yote, mengine mara mbili. Msimamo wangu sasa: baharini kilikuwa kimbunga, Mafia ilipigwa na dhoruba, Kilwa ilipigwa na mafuriko, Dar tulipigwa na giza. Kijiweni bado nitambishia yule jamaa, maana yeye anasema Dar ndiyo ilinusurika kwa dua, na sasa najua ilinusurika kwa kukaa kaskazini ya kitovu.

#22 Karafuu Mbichi

Na dua pia isikutoke mdomoni.

#23 Chinga Mstaarabu

Swali la mwisho kabla sijalala. Mtu wa Kilindoni, umeezeka bati tena au umerudi kwenye makuti? Nasikia makuti upepo unapita katikati, hauyabebi.

#24 Mtu wa Kilindoni

Makuti yanabebwa pia, usidanganywe. Tofauti ni kwamba kuti likiondoka linaondoka peke yake na halimkati mtu shingo, na ukitaka kuziba unasuka mengine kesho yake. Ila moto, nyoka, na kubadilisha kila baada ya miaka michache, nimechoka. Nimeezeka bati. Safari hii kila boriti nimeifunga kwenye ukuta kwa nondo iliyopinda ndani ya lenta, na ukingo wa paa nimeupunguza, maana ule uliotokeza nje sana ndio uliokuwa unampa upepo pa kushika. Kwenye kingo nimepigilia misumari karibu karibu, katikati ya wastani.

Mkuu wa Mbagala karibu Mafia uje uihesabu misumari mwenyewe. Ukija njoo na kilo mbili za misumari ya bati yenye mpira, huku ni ghali.